Tarikhi ya Lewa, Shamba la Ukoo Lililogeuka Amana

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu shamba moja lililoko kaskazini ya Mlima Kenya, liitwalo Lewa, ambalo kwa zaidi ya miaka sabini lilikuwa milki ya ukoo mmoja wa walowezi wa Kiingereza, na ambalo hivi leo linahesabiwa miongoni mwa makimbilio mashuhuri ya vifaru barani Afrika. Wako walijuao jina hilo kwa kuwa William, mwana wa mfalme wa Uingereza, alipata kukaa huko katika ujana wake, na wako walijuao kwa mbio za marathoni zilizoanzishwa huko mwaka 2000, ambamo wakimbiaji hupita katika nyika ile ile wanamolisha twiga na punda milia. Lakini mimi nimelichagua kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba tarikhi ya Lewa, ikifuatwa kwa makini tangu mwanzo wake, inatupa jawabu la suali ambalo wazee wetu waliliuliza na wajukuu wetu hawataacha kuliuliza: je, nyumba moja ya watu yaweza kweli kumiliki nyika pamoja na viumbe walio ndani yake?

Kwanza na tupajue mahali penyewe. Lewa imo katika Kaunti ya Meru, kusini ya mji wa Isiolo, pale ambapo miteremko ya mlima, yenye misitu na mashamba ya ngano, hushuka ikakutana na nyika kavu iendeleayo kaskazini mpaka Samburu na Marsabit na hata mpaka wa Uhabeshi. Maji ya mlimani hupita hapo, na kwa ajili ya maji hayo watu na wanyama wamepafuata mahali hapo tangu zama zisizokuwa na kalamu. Katika ardhi hiyo yameonekana mashoka ya mawe yaliyochongwa na wanadamu wa kale kabisa, ya miaka laki kadhaa iliyopita. Basi mwenye kusema kwamba tarikhi ya Lewa ilianza siku mlowezi alipopiga hema lake hapo, huyo amekosea kwa karne nyingi mno.

Tena walowezi hawakuja katika nchi iliyokuwa tupu kwa maumbile yake. Mwaka 1904 wakuu wa Wamasai walitia mkataba na Serikali ya Kiingereza, wakakubali kuliacha Bonde la Ufa na kukaa katika sehemu mbili, moja ya kusini na moja ya kaskazini katika nyanda za Laikipia, jirani kabisa na hiyo Lewa tunayoizungumza. Nao wakaahidiwa kwamba mapatano hayo yatadumu maadamu kaumu ya Kimasai itakuwako duniani. Ahadi hiyo haikuishi hata miaka minane. Mwaka 1911 ukaandikwa mkataba wa pili, Wamasai wa Laikipia wakahamishwa kwenda kusini pamoja na mifugo yao, katika safari ya mashaka na hasara kubwa. Na mwaka 1913 walipolifikisha shauri lao mbele ya hakimu, kesi ilitupwa, si kwa kuwa dai lao lilikuwa batili, bali kwa hoja ya kwamba mikataba ile ilikuwa mapatano baina ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama ya koloni haikuwa na mamlaka ya kuipima. Vita Vikuu vya kwanza vilipokwisha, Serikali ikaigawa ardhi tele ya nyanda za juu kwa askari wake wastaafu na kwa walowezi wengineo, na ilikuwa katika wimbi hilo, mwaka 1922, ndipo ukoo wa Douglas na Craig ulipofika Lewa na kuanza kufuga ng'ombe.

Kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini habari ya Lewa ilikuwa habari ya ng'ombe tu: majosho, malambo, kupe, ukame, na bei ya nyama katika soko la Nairobi. Shamba lilikuwa na ekari zipatazo 40,000, nalo lilipita kutoka mkono wa baba hadi mkono wa mwana kama yapitavyo mashamba mengine. Lakini palikuwa na jambo moja lililoutenga ukoo huu na wengi wa majirani zake. Mfugaji wa nyanda zile aghalabu alimwona punda milia kuwa mwizi wa majani, nyati kuwa mleta maradhi, na simba kuwa adui wa ndama, akawapiga risasi wote pasi na kuona haya. Ilhali watu wa Lewa waliwaacha wanyama wale waishi pamoja na ng'ombe, na baadaye, David Craig na mkewe Delia walipokuwa ndio wenye mji, wakaanza kuwapokea wageni waliokuja kuwatazama wanyama hao na kulipa kwa kuwatazama.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuieleze sheria, kwa maana asiyeifahamu sheria hii hawezi kuifahamu Lewa. Katika nchi ya Kenya mnyama wa porini ni mali ya taifa, hata akizaliwa, akakulia na kufa ndani ya shamba lenye hati na ua. Mwenye ardhi ana majani, ana maji, ana miti. Lakini punda milia alaye majani hayo na kunywa maji hayo si wake. Na mwaka 1977 Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikaifunga biashara ya ngozi na pembe na vikumbusho vinginevyo vya wanyama, mwenye ardhi alibaki katika hali ya ajabu: analisha kundi kubwa lisilokuwa lake, asiloruhusiwa kulichinja wala kuliuza, na ambalo mgeni mtazamaji ndiye pekee awezaye kumrudishia japo sehemu ya gharama zake. Wengine walipofikwa na hali hiyo walitia ua wakawafukuza wanyama. Wa Lewa walitia ua ili wanyama wabaki ndani, na sababu ya kufanya hivyo alikuwa ni kifaru, aliyekuwa akiuawa kwa ajili ya pembe yake.

Wasikilizaji wa Mombasa na Lamu hawahitaji kuelezwa jambia ni kitu gani, kwa kuwa wamewaona Wayemeni wakikivaa kisu hicho kiunoni, na wengine wamekirithi kwa babu zao. Mpini wa jambia lenye cheo ulitengenezwa kwa pembe ya kifaru, nao zamani haukuvaliwa ila na watu wa daraja kubwa. Lakini katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na vijana wengi wa Yemen walipokwenda Saudia kufanya kazi na kurejea kwao na fedha mkononi, kile kilichokuwa fahari ya wachache kikawa matamanio ya kila kijana. Huku nyuma Mashariki ya Mbali iliendelea kuisaga pembe hiyo iwe dawa ya homa, ingawa pembe ya kifaru haina asili nyingine ila ile ile ya ukucha wa mwanadamu. Baina ya masoko hayo mawili kifaru wa Kenya alikaribia kwisha kabisa: mwaka 1970 walikadiriwa kuwa 20,000, na kabla ya miaka ya 1980 kumalizika walikuwa hawatimii hata 400. Tena wale waliosalia walikuwa wametawanyika, mmoja huku na mmoja kule, hata dume akaishi na kuzeeka asikutane na jike.

Mfano wa tiba ulikuwa umekwisha kuonekana katika shamba la Solio, kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ambako Courtland Parfet, Mmarekani, alikuwa ametenga ardhi kwa ajili ya vifaru tangu mwaka 1970, nao wakazaana vizuri ndani ya ua wenye walinzi. Basi akatokea bibi mmoja Mwingereza, Anna Merz, aliyezaliwa mwaka 1931, ambaye baada ya kuishi Ghana kwa miaka mingi alikuja Kenya kwa nia ya kupumzika katika utu uzima wake, akakuta mizoga ya vifaru badala ya mapumziko. Alikwenda kwa David na Delia Craig akawaomba wampe sehemu ya shamba lao, naye atoe mali yake mwenyewe kulipia ua, walinzi na gharama za kuwahamisha wanyama. Wakakubali, na mwaka 1983 ekari 5,000 za upande wa magharibi wa shamba zikatiwa ua, zikaitwa Ngare Sergoi, na vifaru waliosalia katika nyika za kaskazini wakaanza kukamatwa mmoja mmoja na kuletwa humo.

Bibi huyo hakuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama, lakini alikuwa na subira kuliko wataalamu wengi. Alitembea kwa miguu kila siku kuwatafuta vifaru na kuzijua tabia za kila mmoja wao. Na ndama mmoja jike alipotupwa na mamaye, bibi alimchukua nyumbani, akamlea kwa maziwa ya chupa, akampa jina la Samia, akamtembeza porini na kumfundisha maisha ya porini kadiri mwanadamu awezavyo kumfundisha kifaru, mpaka Samia akajitegemea na kuzaa mtoto wake mwenyewe. Mwaka 1990 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimweka Anna Merz katika orodha ya heshima iliyoitwa Global 500. Alifariki mwaka 2013, naye ameacha nyuma yake jambo lililo kubwa kuliko heshima hizo, kwani yeye ndiye aliyeigeuza nia ya wenye shamba, wakaanza kuyaona majani yao kwa jicho jingine.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa hatua kubwa. Mwaka 1988 zile ekari 5,000 zilizidishwa zikawa 10,000. Haikupita miaka mingi shamba zima likawa ndani ya ua, likaunganishwa na msitu wa Serikali wa Ngare Ndare, na eneo lote likafikia ekari 62,000 hivi. Kisha mwaka 1995 likafanyika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha tarikhi hii: ukoo wa Craig, ambao sasa mwana wao Ian alikuwa ameshika usukani wa kazi, ulilitoa shamba katika hesabu za faida ya nyumba yao, ukalikabidhi mikononi mwa taasisi isiyokusudia faida, yenye bodi yake, hesabu zake na masharti yake, na baadaye ardhi yenyewe nayo ikahama kutoka milki ya ukoo hadi milki ya taasisi hiyo, kwa msaada wa wafadhili.

Sisi watu wa pwani tuna jina la kitendo cha namna hiyo, ingawa sheria iliyotumika Lewa ilikuwa nyingine. Mtu akiliweka shamba lake la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti au maskini, amelitoa katika mirathi. Yeye mwenyewe hawezi kuliuza tena, na watoto wake hawawezi kuligawana minazi mitatu mitatu. Wazee waliofanya hivyo hawakuwa wajinga wa mali. Walijua ya kwamba milki ya mtu haidumu ila kwa umri wake, na pengine kwa umri wa mwanawe, na kwamba kizazi cha tatu kikija kitakuja na deni, au ugomvi, au mnunuzi mwenye fedha nyingi. Hayo ndiyo yaliyoyapata mashamba mengi makubwa ya nyanda za juu za Kenya: mzee alikufa, warithi wakahitilafiana, ardhi ikakatwa vipande na kuuzwa, na njia waliyopita ndovu kwa mamia ya miaka ikazibwa na ua wa shamba la viazi. Lau Lewa ingebaki shamba la ukoo kwa maana ya zamani, hapana dhamana yoyote kwamba kifaru hata mmoja angesalia hapo leo.

Lakini kuibadilisha hati ni jambo moja, na kukaa na jirani ni jambo jingine. Ua wa umeme wamzuia kifaru asitoke, haumzuii jangili asiingie. Anayemzuia jangili ni mchungaji aliye nje ya ua, akiwa ameridhika kwamba mnyama akiwa hai ana faida naye. Kwa hiyo wenye Lewa walilazimika kutazama nje. Mwaka 1996 Wamasai wa Il Ngwesi, walio jirani wa kaskazini, walifungua nyumba yao ya wageni katika ardhi yao wenyewe, wakaiendesha wenyewe na kugawa pato lake katika shule na matibabu. Na Wasamburu wa Namunyak, chini ya milima ya Mathews, walikuwa wamekwisha kuanza mambo kama hayo katika nchi iliyowahi kunuka mizoga ya ndovu. Mwaka 2004 jumuiya hizo na nyinginezo ziliunganishwa chini ya shirika liitwalo Northern Rangelands Trust, ambalo Ian Craig alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Na mwaka 2015 vifaru weusi, baadhi yao wakitoka Lewa, walipelekwa Sera, katika Kaunti ya Samburu, wakakabidhiwa kwa ulinzi wa jumuiya ya wafugaji katika nchi ambayo kifaru alikuwa ametoweka kwa muda wa kizazi kizima.

Hata ua wenyewe ulianza kufunguliwa. Upande wa kaskazini umeachwa upenyo uliotengenezwa kwa namna ambayo ndovu hupita kwenda na kurudi, ilhali kifaru huzuilika. Upande wa kusini ilitengwa njia ya ndovu yenye urefu wa kilomita 14, ikikatiza baina ya mashamba ya ngano mpaka kuufikia msitu wa Mlima Kenya. Na pale ilipokutana na barabara kuu ya Nanyuki na Meru pakajengwa pito chini ya barabara, ambalo ndovu dume mmoja, walinzi wamwita Tony, alilipita mwanzoni mwa mwaka 2011, kabla ya wengi kuamini kwamba ndovu atakubali kupita mahali kama hapo. Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza Lewa pamoja na Ngare Ndare katika Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya, na mwaka 2014 ua uliokuwa baina ya Lewa na shamba la Borana, ambalo ni milki ya ukoo mwingine, uliondolewa, na vifaru wakapata kwao ekari zipatazo 93,000. Vifaru wa eneo hilo, weusi kwa weupe, waliokuwa 15 mwanzoni, leo wamepita 200. Na vifaru weusi wa Kenya nzima wamevuka 1,000.

Insafu yatutaka tuseme pia yaliyo machungu. Wako wananchi wa kaskazini wasiouridhia mpango huu wa hifadhi kuenea mpaka katika ardhi zao za malisho. Wasema kwamba maamuzi yalipitishwa kabla ya wao kuulizwa, na kwamba mwenye bunduki na fedha ya mfadhili husikika kuliko mwenye fimbo na kundi la mbuzi. Manung'uniko hayo yalifika mahakamani, na mwezi wa Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilihukumu kwamba hifadhi mbili za jumuiya katika Kaunti ya Isiolo ziliundwa pasi na kufuata sheria. Hizo si Lewa, wala hukumu hiyo haikuwahusu vifaru wa Lewa. Lakini asiyeona kwamba mambo haya yana mshipa mmoja na ule mkataba wa 1911 hana budi kuisoma tena tarikhi ya nchi hii. Mtu aliyehamishwa kwa ajili ya ng'ombe wa mlowezi hatafurahi kuhamishwa tena kwa ajili ya kifaru wa dunia, hata kifaru akiwa na thamani namna gani.

Narejea sasa katika lile suali. Jawabu ninalolipata mimi ni kwamba milki ya ukoo iliwaokoa wanyama wa Lewa kwa siku chache za hatari, wakati ambapo Serikali ilikuwa haina nguvu na jangili alikuwa na nguvu nyingi, kwa sababu mwenye shamba aliweza kuamua jambo kwa usiku mmoja pasi na kungoja kikao. Na fadhila hiyo si haki kuikana. Lakini kilichowafanya wanyama hao wadumu ni kila hatua ambayo ukoo uliipunguza milki yake: ulipompa Anna Merz ardhi, ulipolitoa shamba katika faida yake, ulipolitoa katika mirathi, ulipoufungua ua, na ulipokaa chini na jirani. Kila pahali ambapo hatua hiyo ilifanywa kwa ridhaa ya watu, ilizaa matunda; na kila pahali ambapo ridhaa ilidhaniwa tu, ilizaa kesi.

Basi nasaha yangu ni kwa wenye ardhi, wakubwa kwa wadogo, na kwa wazee wa jumuiya wanaohifadhi hati za watu wao. Mwenye shamba lenye wanyama aliandikie wasia mapema, ili lisije likafa pamoja naye. Mzee wa jumuiya, akiletewa karatasi ya hifadhi atie sahihi, aisome mbele ya watu wake wote, wanawake na vijana wakiwamo, kwa lugha wanayoifahamu, na asitie kidole mpaka wameridhika. Na Serikali, ambayo kwa sheria ndiyo mwenye wanyama hao wote, isiwaachie wafadhili na koo za watu kazi ambayo ni wajibu wake yenyewe.